Virukanjia wa Mchombe

Jumapili mchana Bibiana alikuwa anafua mashuka uani kwake Ifakara simu ilipoita, na baada ya simu hiyo hakufua tena. Aliyepiga alikuwa Daktari Abdulswamad, mkuu wa mradi wa ndege. Daktari alikuwa mtu wa kupima sifa kwa kijiko cha chai, lakini siku hiyo alimwaga sufuria zima. Alhamisi wageni wanakuja, alisema, wenye fedha na wenye mihuri, na kitu cha kwanza watakachoonyeshwa ukutani ni virukanjia wa Bibiana.

"Hakuna aliyewahi kuonyesha jambo hili bondeni," alisema. "Ndege anatua Mchombe, halafu katikati ya msimu anahama mwenyewe kwenda Nyandete, kule karibu na Mlimba. Wamefika kumi na wawili! Huo ni ushoroba, Bibiana, njia ya ndege. Nimeshauchora."

Kirukanjia mnamjua hata kama hamjui jina lake. Ni yule ndege wa rangi ya majani makavu anayelala chini mchana kutwa, ukampita hatua moja usimwone, kisha usiku anaketi katikati ya barabara kana kwamba ameilipia ushuru. Ukimmulika, macho yanawaka mekundu na yeye anaganda pale pale. Hawa wa Bibiana walikuwa wageni. Huja Novemba kutoka Ulaya, husafiri usiku tu, na Machi huondoka. Kwa misimu sita Bibiana alikuwa akiwafuata kwenye njia za mashambani, tochi mkono mmoja, wavu wa mpini mrefu mkono mwingine. Akimkamata ndege humfunga mguuni kipete cha chuma chenye namba, uzito wake haufiki punje kumi za mpunga, huandika mahali na saa, kisha humwachia. Akimkamata tena siku nyingine, husoma namba na kujua ametoka wapi. Kazi ni hiyo tu. Majirani walimwona kichaa miaka miwili ya kwanza, wa tatu wakazoea.

Na alikuwa na leseni. Katika bonde lote ni yeye tu mwanamke aliyekuwa na leseni ya kufunga ndege pete, binti wa muuza kuku wa sokoni, na karatasi ile aliitundika sebuleni juu ya picha ya harusi ya wazazi wake. Sasa jina lake lingesomwa mbele ya wageni. Aliyaacha mashuka kwenye beseni, akapanda basi la Mlimba jioni ile ile ili aongeze ndege mmoja au wawili kabla ya Alhamisi. Sifa zilikuwa zimempanda kichwani, tuseme ukweli.

Kule Nyandete alikuwa na mwenyeji. Mama Dativa, mjane wa Kindamba mwenye ekari saba za mpunga kando ya njia ya virukanjia, alikuwa akimlaza misimu yote, akimchemshia maji ya kuoga, na akimgombeza kwa kutembea usiku kama fisi. Usiku huo pia alimgombeza, kisha akamfungia viazi kwenye mfuko wa nailoni.

Saa tano usiku Bibiana alimpata mmoja. Alimshika kama inavyopasa, shingo katikati ya vidole viwili, akasoma namba. Wa Mchombe! Alikuwa amemfunga pete yeye mwenyewe mwezi Desemba, kilomita zaidi ya hamsini kutoka pale. Kwa furaha alimtumia Daktari ujumbe papo hapo, kwa mkono mmoja: wa kumi na tatu. Kisha, kwa kuwa kalamu ilikuwa imemponyoka na ikabidi asubiri huku akiipapasa chini, mwanga wa tochi ulimwangukia ndege mkiani.

Wale kumi na wawili wa kwanza hakuwatazama mikia, maana alikuwa na haraka ya kusoma namba. Huyu alimtazama. Ncha za manyoya ya mkia zilikuwa zimepinda upande mmoja, zote, na katikati ya manyoya ya tumbo palikuwa na pumba za mpunga. Bibiana alikulia sokoni. Mkia ule aliujua kabla hajajua kusoma. Ni mkia wa kuku aliyesafiri ndani ya tenga nyuma ya pikipiki.

Alikaa chini pale pale kwenye matope. Ndege alihama kweli. Alihamishwa kwa pikipiki.

Asubuhi hakumwambia Mama Dativa kitu. Alipanda gari la kurudi, akateremka Mchombe, na hakuhitaji kuuliza mtu, kwa sababu njia ambako aliwafunga pete ndege wale wote ilipita kando ya boma la Shilinde. Mzee huyu Msukuma alikuwa na ng'ombe wachache, mke, na biashara ya kuku wa kienyeji aliowapeleka mwenyewe Mlimba kwa pikipiki kila wiki. Bibiana alimpenda. Mwaka wa kwanza kabisa, watu walipomkimbia wakidhani anafuga majini, Shilinde ndiye aliyemshikia tochi.

Alimkuta anamtoa ndama mmoja kupe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekuja na jua? Wewe si mtu wa usiku?"

"Nimekuja kuangalia tenga lako la kuku."

"Unataka kuku?"

"Nataka kuona pumba."

Shilinde alicheka, kisha akaona uso wake, akaacha. Alimwachilia ndama, akanawa mikono taratibu kwenye ndoo, kidole baada ya kidole. Hakukana. Bibiana alikuwa amejiandaa kusikia uongo njia nzima, na ukweli ulipokuja hakuwa na mahali pa kuuweka.

"Ni sisi," alisema Shilinde. "Kaya tano za huku. Misimu miwili sasa."

"Mmewachukua ndege wangu?"

"Hatukuua hata mmoja, usije ukaniambia hivyo. Tunammulika kama unavyommulika wewe, maana wewe ndiye uliyetufundisha. Asiye na pete tunamwacha. Mwenye pete tunamweka kwenye tenga, peke yake, na pumba chini asiumie kifua. Tunafunika kitenge asione barabara. Mke wangu anampa kumbikumbi, lakini hali, ana kiburi huyo. Mmoja mnene alirudi mara mbili. Mara mbili! Nikampeleka tena."

Bibiana alitaka kucheka na machozi yakamtangulia. Aliona aibu kulia mbele ya mzee, akageukia upande wa zizi.

"Kwa nini, baba? Nilikukosea nini?"

Shilinde alimvutia kigoda. Yeye mwenyewe alibaki amesimama.

"Nilikokuwa zamani, kule chini mtoni, walikuja watu kuhesabu ng'ombe. Wapole kama wewe. Walikunywa maziwa yangu. Kila ng'ombe akapigwa chapa, akaandikwa, nami nikafurahi, nikasema sasa natambulika. Mwaka uliofuata wakaja wengine. Hao hawakuwa wapole, lakini karatasi walikuwa nayo, ile ile ya wale wapole. Ilisema nina ng'ombe mia na arobaini mahali ambapo hawatakiwi. Unaona hawa niliobaki nao? Hesabu mwenyewe, ni rahisi. Halafu ukaja wewe na namba, nikaona heri ndege wa namba waonekane kwingine."

"Nilisema kwenye mkutano wa kijiji! Uliniuliza mbele ya watu, nikakujibu. Namba ni ya kumjua ndege tu. Haihusu ardhi ya mtu."

"Ulisema. Na wewe nilikuamini, na sasa hivi nakuamini. Ila karatasi haitabaki kwako."

Bibiana alifungua mdomo kumjibu, na sauti ya Daktari ikamjia sikioni: Nimeshauchora. Siku zote hizo alikuwa akituma mahali na saa, mahali na saa, akingojea sifa, na hakuwahi kuuliza hata siku moja mahali hapo panakwenda kufanya nini.

"Na kwa nini mliwapeleka Nyandete?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni njia yangu ya kuku. Na kule sina mtu wangu."

"Kule kuna mtu wangu mimi," alisema Bibiana.

Mzee aliinamisha kichwa.

Jumatano aliingia ofisini kwa Daktari akiwa ameipanga sentensi yake tangu alfajiri. Ramani ilikuwa mezani, kubwa kama kitanda, kila ndege nukta moja. Ukanda wa kijani ulianza Mchombe mwembamba, ukakimbia chini ya milima kuelekea magharibi, na ulipofika Nyandete ukavimba kama chura. Bibiana alitafuta njia, akatafuta kijito, akalipata shamba la Mama Dativa. Lilikuwa ndani ya kijani lote, na nyumba pia.

"Hapa patakuwaje, Daktari?"

"Pataachwa papumzike. Hakuna atakayefukuzwa, watazuiwa kulima tu."

"Watalima wapi?"

"Hilo si swali la ndege," alisema Daktari, si kwa ubaya. Alikuwa mtu mwema, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, ambaye kwa miaka kumi alikuwa ameona mbuga za bonde zikigeuzwa majaruba ya mpunga na alitaka kabla hajazeeka abakize kipande kimoja tu. "Bibiana, bila hao kumi na watatu tusingekuwa na kitu. Unaelewa umefanya nini?"

Alielewa vizuri sana. Na sentensi yake aliyoipanga tangu alfajiri ilirudi tumboni ikalala huko. Akisema, leseni itateremka ukutani, na misimu miwili itafutwa, na kila atakayesikia jina lake atacheka: yule aliyeandika safari za kuku. Aliaga, akaenda zake nyumbani. Usiku alijiambia kwamba mipango kama hii huchukua miaka, kwamba wageni hubadili nia, kwamba Mama Dativa ana umri mkubwa. Hilo la mwisho lilimtisha mwenyewe. Aliwasha taa akakaa kitandani mpaka adhana ya kwanza.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Vijiji vilikuwa vimealikwa kutoa mtu mmoja mmoja, na Nyandete, bila kujua kinachoendelea, ilikuwa imemchagua Mama Dativa. Alikuja na kitenge kipya chenye mikunjo ya dukani, akaketi safu ya pili, akampungia Bibiana mkono kwa furaha. Taa zilipozimwa ramani ikatokea ukutani. Daktari alieleza vizuri, bila makeke. Alipolitaja jina la Bibiana watu walipiga makofi, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Mama Dativa. Kisha alimwegemea jirani yake, akamwonyesha kwa kidole pale palipovimba kijani.

"Pale ni kwangu," Bibiana alimsikia akinong'ona. "Huyu mtoto analala kwangu."

Alisema kwa fahari. Alidhani ameheshimiwa.

Bibiana alisimama.

"Daktari, samahani. Wale kumi na watatu wa Nyandete hawakuhama wenyewe. Walibebwa na watu."

Daktari alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

"Walibebwa vipi?"

"Kwenye tenga la kuku. Kwa pikipiki. Mmoja nimemwona mkia umepinda, nimeona pumba. Nimewauliza waliobeba na wamekubali."

"Ni nani hao?"

"Sitawataja."

Kulikuwa na kicheko kimoja nyuma, kikakatika. Mmoja wa wageni, mama mwenye miwani na sauti ya upole, aliuliza kama basi nukta za Nyandete ziondolewe zote. Bibiana alisema ndiyo, zote. Aliyeshika kompyuta alibofya, nukta zikatoweka moja moja, na lile chura la kijani likanywea mpaka shamba la Mama Dativa likabaki jeupe. Bibiana alihisi pumzi ikimrudia. Kwa muda wa kuvuta hewa mara tatu au nne alikuwa mtu mwenye furaha, leseni au hakuna leseni.

Kisha mama mwenye miwani akauliza tena, kwa upole ule ule.

"Sasa hao ndege makazi yao hasa ni wapi?"

Aliyeshika kompyuta ndiye aliyejibu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kubofya. Alirudisha jedwali la misimu yote sita, mahali walipofungwa pete, na nukta zikaanza kumiminika Mchombe, mia mbili na kitu, zikarundikana kwenye njia moja kando ya boma moja. Kijani kilifuata kikazifunika.

"Na hapo?" aliuliza yule mama. "Hapo pia walipelekwa kwa tenga?"

Bibiana alijua kwamba neno moja lingetosha. Angesema sina hakika, na kazi yote ingekuwa takataka, na hakuna ambaye angeweza kuchora kitu juu ya takataka. Alilishika neno hilo ulimini. Lakini ndege wale alikuwa amewashika mmoja mmoja kwa mkono wake, amehisi mioyo yao ikigonga kidoleni, ameandika kila mmoja bila kupunguza wala kuongeza, na kukana lote hilo mbele ya watu alishindwa. Mtu anaweza kumlaumu. Mwenyewe alijilaumu hata kabla hajajibu.

"Hapana," alisema. "Hapo niliwakamata mwenyewe."

Kalamu ziliandika. Daktari alimshukuru kwa uaminifu wake, na alimaanisha, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Mama Dativa alimngojea nje. "Sijaelewa vizuri," alisema. "Nimeshinda au nimeshindwa?"

"Umeshinda, mama."

"Mbona basi unalia?"

Ijumaa alikwenda Mchombe na basi la kwanza, kwa kuwa hakutaka barua ya mradi ifike kabla yake. Shilinde alimwona kutoka mbali, na kwa jinsi alivyokuwa akitembea akamwagiza mke wake aweke maji ya ugali jikoni. Bibiana alimweleza yote bila kujipunguzia: alichosema, alichoulizwa, neno alilokuwa nalo ulimini na akalimeza. Alisema huenda ikachukua mwaka, huenda miwili. Alisema atasimama nao, ataandika barua, atapinga. Alipojisikia mwenyewe anaanza kuahidi tena, aliacha.

Shilinde hakukasirika. Laiti angekasirika. Alitazama zizi, akatazama njia ambako virukanjia hukaa usiku, kisha akauliza hifadhi itaanzia wapi, na Bibiana akamwonyesha kwa mkono, kutoka kwenye kichuguu mpaka kwenye reli, na mkono ule ulipita juu ya kila kitu alichokuwa nacho mzee yule.

"Haya," alisema Shilinde.

Chakula kililetwa, ugali na maziwa mgando. Walinawa. Mke wa Shilinde alimsogezea mgeni kipande kikubwa kama siku zote.

"Mwanangu," alisema Shilinde akiwa hajaanza kula, "tuliwahamisha ndege wako kumi na watatu. Tuliwafunika wasiogope, tuliwawekea pumba wasiumie, tukawapelekea na chakula. Hakuna aliyevunjika bawa. Watakapokuja hao wa karatasi kutuhamisha sisi, wewe unajuana nao. Waambie wafanye hivyo hivyo."

Bibiana alikata tonge. Alilichovya kwenye maziwa akalimeza, kwa sababu walikuwa wanamtazama wote wawili na walikuwa wamempikia.